Jinsi ya Kulinganisha Spishi Mbili Zilizo Mbali: Panya Mdogo wa Nyumbani na Albatrosi

Mtu anayetakiwa kulinganisha panya na ndege wa baharini kwa kawaida huchora mstari katikati ya karatasi, akaandika "panya" upande wa kushoto na "ndege" upande wa kulia, kisha akaanza kujaza: huyu ana miguu minne, yule ana miwili, huyu huzaa, yule hutaga, huyu huishi shimoni, yule huruka juu ya bahari. Baada ya nusu ukurasa maneno humwishia, na akiisoma orodha yake anaona kwamba haina jambo lolote asilolijua mtoto wa miaka 6. Kosa haliko kwa wanyama. Kosa ni kwamba tofauti zimekusanywa bila swali, na tofauti zisizo na swali hazina mwisho wala uzito. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo hadi izae maarifa, kwa kuwatumia wanyama wawili waliotengana sana kwa umbo na kwa mwenendo, ingawa, kama itakavyoonekana, kuna visiwa ambako wamekutana uso kwa uso.

Taja spishi, usitaje kundi

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi. Neno "panya" katika Kiswahili limebebeshwa mzigo mkubwa: humjumuisha panya mkubwa wa mitaroni, panya mdogo anayetoboa magunia, panya wa porini wa kila namna, na panya buku, ambaye hata si wa familia moja na hao wawili wa kwanza. Wapo wanaomhesabu kirukanjia kuwa panya pia, kwa sababu ya udogo wake na mkia wake, ilhali yeye si mgugunaji kabisa bali ni mla wadudu wa oda nyingine. Anayeandika "panya huishi miaka miwili" bila kusema ni panya yupi hajasema kitu kinachoweza kuhakikishwa.

Upande wa pili una tatizo la aina nyingine. "Mgugunaji" ni jina la ukoo: spishi zaidi ya 2,000 za wagugunaji zimetokana na mzazi mmoja wa kale, na zote zina meno ya mbele yasiyokoma kukua. "Ndege wa baharini" si jina la ukoo, ni jina la riziki. Shakwe na albatrosi hawakurithi bahari kutoka kwa babu mmoja; kila ukoo uliingia baharini kwa wakati wake na kwa njia yake. Kwa hiyo kulinganisha "wagugunaji" na "ndege wa baharini" ni sawa na kulinganisha ukoo fulani na wavuvi wote wa dunia: upande mmoja umepangwa kwa damu, upande mwingine umepangwa kwa kazi.

Dawa yake ni kushuka hadi kwenye spishi moja kila upande, kisha kuandika jina lake la kisayansi juu ya karatasi kabla ya jambo lingine lolote. Katika mwongozo huu wa kwanza ni panya mdogo wa nyumbani, Mus musculus, ambaye nitamwita kipanya ili asichanganywe na wakubwa wake. Wa pili ni albatrosi mkubwa wa bahari za kusini, Diomedea exulans, na kila nikiandika "albatrosi" bila nyongeza namaanisha huyo. Wote wawili walipewa majina hayo na Carl Linnaeus mwaka 1758. Neno exulans ni la Kilatini na maana yake ni "anayeishi uhamishoni". Kipanya yuko katika ngeli ya mamalia, oda ya wagugunaji, familia ya Muridae. Albatrosi yuko katika ngeli ya ndege, oda ya Procellariiformes, ambao hutambulika kwa pua zenye umbo la mirija juu ya mdomo, familia ya Diomedeidae.

Ukishaandika jina, hakikisha kwamba chanzo unachosoma kinamaanisha mnyama yuleyule. Albatrosi wa kisiwa cha Gough, ambaye leo huitwa Diomedea dabbenena, kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa tawi tu la Diomedea exulans. Kitabu cha zamani kinaweza basi kukupa takwimu za ndege wawili chini ya jina moja.

Maneno yanayoficha tofauti

Kabla ya kupima chochote, pitia maneno unayotumia. Kiswahili husema "manyoya" kwa kinachomfunika kipanya na kwa kinachomfunika ndege, na mwandishi asiye mwangalifu anaweza kuandika kwamba "wote wawili wana manyoya" akadhani amegundua mfanano. Vitu hivyo vyote vimetengenezwa kwa keratini, protini ngumu kama ya kucha, ni kweli, na vyote huzuia joto lisitoroke. Lakini manyoya ya kipanya ni nywele, nyuzi zisizo na matawi, na manyoya ya albatrosi yana uti na matawi yanayoshikana kwa vikulabu vidogo hadi yakawa bapa linaloweza kubeba hewa. Neno "mdomo" nalo linafanana na hilo, kwa kuwa hutumika kwa kinywa chenye meno na kwa pembe ngumu ya ndege isiyo na jino hata moja. Kipanya ana meno 16: mawili ya mbele juu na mawili chini, kisha pengo tupu mahali ambapo wanyama wengine wana chonge, halafu magego matatu kila upande wa kila taya. Sioni sababu ya kubuni istilahi mpya kwa mambo hayo. Inatosha kuandika "nywele" pale unapomaanisha nywele, na "manyoya" pale unapomaanisha manyoya ya ndege.

Tenga kilichorithiwa na kilichopatikana baadaye

Mfanano kati ya spishi mbili unaweza kuwa na asili mbili tofauti, na ulinganisho usiozitenga hauna thamani. Ukoo uliozaa mamalia na ukoo uliozaa wanyama watambaao na ndege ulitengana miaka milioni 320 hivi iliyopita. Chochote ambacho kipanya na albatrosi wamekirithi kutoka kwa mzazi aliyekuwepo kabla ya hapo ni mfanano wa damu. Mfano ulio wazi ni mifupa ya kiungo cha mbele. Ukichukua mguu wa mbele wa kipanya na ubawa wa albatrosi utakuta mpangilio uleule: mfupa mmoja kutoka begani hadi kwenye kiwiko, mifupa miwili kutoka hapo hadi kwenye kifundo, kisha mifupa midogo ya kifundo, kisha vidole, ambavyo kwa ndege vimepungua na kuungana. Mguu wa mbele wa kipanya una urefu usiofikia kidole chako, na mabawa ya albatrosi yakikunjuliwa huweza kufika mita 3.5 kutoka ncha hadi ncha, upana usiofikiwa na ndege mwingine yeyote aliye hai, lakini ramani ya mifupa ni moja.

Sasa chukua mfanano mwingine: wote wawili wana damu moto, na wote wawili wana moyo wa vyumba vinne. Hapa wengi huandika kwamba nao umerithiwa kutoka kwa mzazi yuleyule. Njia ya kupima ni kuwauliza jamaa waliobaki kati yao. Mijusi na kasa wako upande wa ndege katika mti wa ukoo, na hawana damu moto, wala mioyo yao haina vyumba vinne vilivyotengana kabisa. Kama mzazi wa kale angekuwa na sifa hizo, ingebidi jamaa wote hao wawe wamezipoteza. Maelezo mepesi zaidi, na ndiyo yanayokubaliwa, ni kwamba mamalia na ndege walizipata kila mmoja kwa njia yake. Ushahidi mwingine unaunga mkono hilo: chembe nyekundu za damu ya kipanya hazina kiini, za albatrosi zina kiini, mapafu ya kipanya ni mifuko ambamo hewa huingia na kutoka kwa njia ileile, ikisukumwa na kiwambo, msuli bapa ulio chini ya mapafu, ilhali mapafu ya ndege hupitisha hewa upande mmoja tu kwa msaada wa vifuko vya hewa vilivyosambaa mwilini. Injini mbili zinafanya kazi moja, lakini hazikutoka katika karakana moja.

Kwa hiyo kila unapoandika "wote wawili wana", jiulize kama jamaa walio kati yao wanacho pia. Swali hilo moja litakuokoa mara nyingi kuliko kitabu chochote cha picha.

Gawanya kwa uzito kabla ya kushangaa

Kipanya mkomavu huwa na uzito wa gramu 12 hadi 30, na albatrosi kilo 6 hadi 12. Nitachukua gramu 20 na kilo 8 ili hesabu iwe nyepesi: albatrosi ni mzito mara 400. Tofauti kubwa namna hiyo hupotosha kila namba nyingine usipoirekebisha kwanza.

Fanya hesabu hii mara moja na utaelewa nusu ya maisha ya wanyama hawa. Tuseme wangekuwa na umbo moja, mmoja akiwa ni mwenzake aliyekuzwa. Mnyama aliyezidi mwenzake mara 400 kwa uzito angemzidi kwa urefu kama mara 7.4 tu, na eneo la ngozi yake lingemzidi kama mara 54. Gawanya 400 kwa 54 na utapata tena takriban 7.4, maana yake kila gramu ya kipanya ina ngozi mara saba na zaidi ya gramu ya albatrosi. Joto hutoroka kupitia ngozi. Ndiyo sababu moyo wa kipanya hupiga mara mamia kwa dakika, mara nyingi karibu 600, na ndiyo sababu hula gramu 3 hadi 5 kwa siku, kiasi ambacho kwa mwili wake ni sehemu kubwa sana. Kipanya si mlafi, ni tanuri dogo lenye kuta nyembamba. Albatrosi anaweza kukaa juu ya yai lake siku nyingi mfululizo bila kula huku mwenzake akiwa baharini. Kipanya akinyimwa chakula kwa muda mfupi tu yuko hatarini.

Hesabu hiyohiyo hugeuza maoni yetu kuhusu uzazi. Yai la albatrosi lina uzito wa karibu nusu kilo, na mtu hushangaa ukubwa wake. Lakini nusu kilo kwa ndege wa kilo 8 ni kama asilimia 6 ya mwili wake. Kipanya jike huzaa vitoto vinavyokaribia gramu 1 kila kimoja au kuzidi kidogo, na mara nyingi vitano hadi vinane kwa mkupuo. Uzao wa vitoto sita basi ni robo ya uzito wa mama yake, au zaidi. Kwa kipimo cha mwili, kipanya ndiye anayejitoa zaidi kwa kila uzazi, jambo ambalo orodha ya safu mbili isingelionyesha kamwe. Angalia tu usiishie hapo, kwa sababu kuzaa ni mwanzo wa gharama, na nitarudi kwenye malezi baada ya kugusa jambo jingine.

Chagua tatizo moja, utazame majibu mawili

Viungo vikilinganishwa kimoja kimoja, macho kwa macho na mkia kwa mkia, ulinganisho hukauka. Ni afadhali kuchagua tatizo ambalo wanyama wote wawili lazima walitatue. Maji ni mfano ninaoupenda, kwa sababu wote wawili hufaulu mahali ambapo binadamu angekufa kwa kiu.

Kipanya anaweza kuishi akila nafaka kavu na kunywa maji kidogo mno. Figo zake hurudisha maji mwilini na kutoa mkojo mzito sana, na mwili wake hupata maji mengine kutokana na kuchomwa kwa chakula chenyewe. Albatrosi hukaa wiki nyingi juu ya bahari isiyo na tone la maji matamu, akinywa maji ya chumvi na kula ngisi na samaki wenye chumvi. Figo za ndege haziwezi peke yake kuiondoa chumvi hiyo yote. Kazi hufanywa na tezi zilizo juu ya macho, ambazo huichuja chumvi kutoka kwenye damu na kuitoa kama majimaji yanayotiririka kupitia puani hadi ncha ya mdomo. Pia taka ya protini, ambayo kipanya huitoa ikiwa yurea iliyoyeyuka katika maji, albatrosi huitoa ikiwa asidi ya yuriki, uji mweupe unaohitaji maji machache. Tatizo ni moja, na majibu yametoka katika viungo tofauti kabisa.

Mwendo unastahili maneno machache tu. Albatrosi hutumia tofauti ya kasi ya upepo kati ya uso wa bahari na tabaka la juu yake, akipanda kuukabili upepo na kushuka akisukumwa nao, na kano begani humwezesha kuyashikilia mabawa yakiwa yamekunjuliwa bila misuli kuchoka, hata moyo wake hupiga karibu kama anapopumzika. Kipanya hulipa gharama ya kila hatua anayopiga.

Harufu inaleta mshangao wa upande mwingine. Ungetarajia watofautiane, na wanafanana. Kipanya ana jeni zaidi ya 1,000 za vipokezi vya harufu, na kwa mkojo wake huandika habari za nani kapita na ni jike au dume. Kuhusu ndege, kwa muda mrefu watu walidhani kwamba hunusa vibaya. Lakini ndege wa oda ya albatrosi wananusa vizuri, na albatrosi huweza kuifuata harufu ya mawindo kwa umbali mrefu akikatisha upepo. Uliye na dhana tayari kichwani, weka alama pale ambapo ushahidi umekukatalia. Sehemu hizo ndizo zinazostahili nafasi kubwa katika maandishi yako.

Pima maisha kwa wakati

Kama ungeruhusiwa kuchagua kipimo kimoja tu, chagua wakati. Mimba ya kipanya huchukua siku 19 hadi 21. Vitoto huzaliwa vipofu na bila nywele, hufumbua macho baada ya wiki mbili hivi, huachishwa kunyonya wakiwa na wiki tatu, na jike anaweza kushika mimba akiwa na umri wa wiki sita hivi. Kwa mwaka anaweza kuzaa mara tano hadi kumi. Porini wengi hawafikishi mwaka mmoja, ingawa katika maabara huishi miaka miwili au mitatu.

Albatrosi hutaga yai moja. Wazazi huliatamia kwa zamu kwa wiki 11 hivi, kisha kinda hukaa kiotani kwa takriban miezi tisa, likivuka majira yote ya baridi ya kusini, likiletewa chakula na wazazi wote wawili wanaosafiri mbali na kurudi. Mwaka mzima umekwisha, na ndiyo sababu jozi iliyofaulu hupumzika na kutaga tena katika mwaka wa pili. Ndege aliyeondoka kiotani hukaa baharini miaka kadhaa kabla ya kukanyaga ardhi, na kwa kawaida huanza kuzaa akiwa na miaka kama kumi. Baadhi huishi zaidi ya miaka 50. Jamaa yao mmoja wa spishi nyingine, albatrosi wa Laysan aliyepewa jina Wisdom, alivishwa pete mguuni mwaka 1956 katika kisiwa cha Midway akiwa tayari ni mkomavu, na mwaka 2024 alionekana akitaga tena.

Sasa weka vizazi juu ya vizazi. Kipanya anahitaji wiki sita kukomaa na tatu za mimba, jumla wiki tisa. Ndani ya miaka kumi anayoingoja albatrosi mmoja kabla ya kuzaa, vizazi zaidi ya 50 vya kipanya vinaweza kupita mahali hali ikiwa nzuri. Jozi ya albatrosi isiyopata msiba wowote kwa miaka 20 italea makinda 10. Jike wa kipanya anaweza kuipita idadi hiyo ndani ya miezi michache.

Kutokana na hilo linafuata jambo ambalo msomaji wako lazima alione: kifo cha mkomavu mmoja hakina uzito sawa kwa spishi hizi. Kipanya akifa, nafasi yake hujazwa ndani ya wiki. Albatrosi mzazi akinasa kwenye ndoana ya kamba ndefu ya wavuvi na kuzama, kinda lake hufa njaa, mwenzake huweza kukaa miaka bila kupata mwenzi mwingine, na ndege wa kuijaza nafasi yake lazima awe alianguliwa muongo mmoja uliopita. Ndoana hizo zimeipunguza spishi hii kuliko sababu nyingi nyingine, na leo ina wakomavu wapatao 20,000 tu, ikiorodheshwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, kuwa ni spishi iliyo katika mazingira hatarishi.

Usichanganye mnyama mmoja na spishi nzima

Hili ni kosa la watu wenye ujuzi, ndiyo sababu linahitaji sehemu yake. Ukiulizwa kati ya hawa wawili nani ameenea zaidi, utajibu nini? Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya kwanza ya albatrosi waliofuatiliwa kwa setilaiti, na ilionekana kwamba katika safari moja ya kutafuta chakula, kabla ya kurudi kiotani, ndege mmoja husafiri kilomita 3,600 hadi 15,000. Kipanya anayeishi ndani ya nyumba yenye chakula anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya mita chache.

Lakini hayo ni majibu kuhusu mnyama mmoja mmoja. Ukiuliza kuhusu spishi, mambo hupinduka. Albatrosi huzaliana katika visiwa vichache tu vya kusini: Georgia Kusini, Marion na Prince Edward, Crozet, Kerguelen, na wachache sana Macquarie. Hurudi kuzaa karibu na pale alipozaliwa, na nje ya visiwa hivyo spishi yake haina mahali pa kuzaliana. Kipanya asiyevuka uwanja amekaa katika kila bara isipokuwa Antaktika, kwa kuwa tangu kabla ya kilimo alijishikiza kwa binadamu, akaingia ghalani, kisha katika meli. Andika basi pembeni ya kila dai kama linamhusu mnyama mmoja au spishi. Neno "ameenea" bila maelezo hayo ni kweli kwa wote wawili na si kweli kwa yeyote.

Pale walipokutana

Kazi ya kulinganisha inapata mtihani wake pale wanyama wawili wanapogusana. Katika kisiwa cha Marion, ambacho ni cha Afrika Kusini, vipanya waliletwa na meli za wawindaji wa sili mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1949 paka watano waliletwa wawadhibiti. Paka wakaongezeka na kugeukia ndege, na ilichukua hadi mwaka 1991 kuwamaliza. Wakabaki vipanya peke yao. Mwaka 2003 ilionekana kwa mara ya kwanza huko kwamba walikuwa wakiyala makinda ya albatrosi yangali hai, na mwaka 2023 ilithibitishwa kwamba wameanza kuwala hata wakomavu. Katika Gough, kisiwa cha Uingereza katika Atlantiki ya kusini, jambo hilo lilikuwa limeenea vivyo hivyo dhidi ya Diomedea dabbenena, na vipanya wa huko wamekuwa wakubwa kuliko wenzao wa kwingine. Huko Midway, mwaka 2015, waliwashambulia albatrosi wa Laysan wakiwa juu ya mayai.

Anayelinganisha ukubwa peke yake angekataa kuamini: kinda lenye kilo 10 linauawa na mnyama wa gramu 30. Lakini vichukue vipimo ulivyokwisha kukusanya na uviweke pamoja. Tanuri lenye kuta nyembamba linahitaji chakula kila siku, na majira ya baridi hupunguza wadudu na mbegu kisiwani. Majira hayohayo kinda limekaa kiotani, haliwezi kuruka, na wazazi wako mamia ya kilomita mbali. Spishi hii ilikua katika visiwa visivyo na mnyama wa nchi kavu anayewinda, kwa hiyo hata mzazi akiwepo hana namna ya kupambana na adui anayemguguna usiku akiwa amekaa, hutulia tu. Kipanya ana vizazi vingi vya kujifunza na kuongezeka, na albatrosi ana yai moja kila baada ya miaka miwili. Hakuna sifa ngeni hata moja katika habari hiyo.

Kwingine vipanya wameondolewa kabisa: Macquarie ilitangazwa kuwa huru mwaka 2014, Antipodes ya New Zealand mwaka 2018, na Georgia Kusini, ambako panya wakubwa walikuwepo pia, mwaka huohuo wa 2018. Gough ilijaribiwa mwaka 2021, na kabla ya mwaka huo kwisha kipanya mmoja akaonekana tena. Mnyama mwenye kasi ya uzazi tuliyoipima hapo juu anahitaji kusahauliwa wawili tu.

Kuandika

Unapoandika, anza na swali lako, kisha tumia tu sifa zinazolijibu. Nyingine, hata zikiwa tamu, ziache kwenye daftari. Usijilazimishe kuwapa wanyama nafasi sawa, kwa sababu kuna maswali ambayo kipanya atajaza kurasa tatu na albatrosi aya moja. Kila namba ifuatane na kipimo kinachoifanya ilinganike, iwe kwa gramu ya mwili, kwa mwaka au kwa kizazi. Kisha isome rasimu ukitafuta sentensi za hukumu. Sentensi kama "kipanya ni mkatili na albatrosi ni mnyonge" ifute, na mahali pake uandike: kipanya wa gramu 30 anayehitaji chakula kila siku huweza kuliua kinda la kilo 10 katika majira ya baridi, kwa sababu kinda hilo linakaa kiotani miezi tisa na ukoo wake haukuwahi kuwa na sababu ya kuogopa mnyama wa nchi kavu.